Ngazi ya Kina Mama

Tobias seremala alikuwa anakohoa, na hakuwa mgonjwa. Alikohoa akitoka chumbani, akakohoa akifika kwenye korido, akakohoa tena kabla ya kugusa mlango wa choo, na akishaingia humo akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ijulikane kwamba choo kina mtu na mtu huyo ni yeye. Jirani yao pale mtaa wa Chemchem alimwita pembeni akamshauri kwa upole aende akapime kifua. Tobias alimshukuru, akaahidi kwenda. Angemwelezaje kwamba kifua ni kizima, kinachomkohoza ni mkwe?

Maana katika nyumba ile ya vyumba viwili alikuwa amefikia Bi Kabula, mama mzazi wa mkewe Advera, na Bi Kabula alikuwa mtu wa desturi za zamani. Alikokulia yeye, huko Bukene, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si kwamba wanachukiana. Ni heshima, na wenye nayo wanaibeba mpaka kaburini. Siku hizi wengi wameilegeza. Wapo wakwe wanaopiga picha wamekumbatiana, wanakula kuku meza moja, na hakuna aliyedhurika. Bi Kabula aliwasikia hao, akasema shauri yao. Tangu Tobias amwoe Advera, binti yao Eustadia akazaliwa, akakua, akaenda kusoma bweni, mama huyu hakuwahi kumtazama mkwewe usoni hata mara moja. Siku yenyewe ya harusi alikuwa jikoni kwa hiari yake, kanga imemfunika mpaka puani, anageuza wali.

Kilichomleta Tabora ni kuanguka. Alikuwa anatoka kisimani na ndoo, akateleza, akaangukia mkono, mkono ukavunjika, akafungwa hogo la plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Mjane anayeishi peke yake hawezi kuteka maji kwa mkono mmoja, wala kusonga ugali. Advera alimfuata, akarudi naye kwa treni, akamlaza chumba cha Eustadia. Na Tobias akaanza kukohoa.

Msije mkamlaumu, alijitahidi. Alitundika pazia kwenye korido. Alinunua kandambili zenye kelele kupita zote sokoni. Aliondoka mapema kwenda karakana na kurudi wenzake wameshakula. Lakini korido ilikuwa moja na choo kilikuwa kimoja, na asubuhi moja kukohoa kote kule kwa uongo kukamlipa: aliamka sauti imekauka kabisa. Alifika kwenye pazia akakohoa, ikatoka hewa tupu. Akalifungua. Bi Kabula alikuwa upande wa pili, anatoka kuoga, amejifunga kanga moja, hogo kaliinua juu lisilowe.

Advera alipotoka chumbani kuona mbona kimya kimezidi, aliwakuta hivi: mama ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa kushoto, mume ameegemeza lake kwenye ukuta wa kulia, kama watoto wawili waliopewa adhabu. Hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma, kwa sababu korido ilikuwa nyembamba na kupita kungekuwa kugusana. Ilibidi amshike mama yake kiuno amwondoe kinyumenyume.

Hakuna aliyecheka. Bi Kabula alifunga mzigo wake kwa mkono mmoja na meno, akataka kurudishwa kwake siku hiyo hiyo.

"Sina hasira na mtu," alimwambia binti yake mlangoni. "Ila nimeaibika, na yeye nimemwaibisha. Nyumba hii ni nzuri, lakini haina mahali pa kuweka heshima."

Advera aliporudi kutoka kumsindikiza Bukene, alikaa kitini bila kuvua viatu. Tobias alijua kuna neno linakuja. Advera hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiwa na neno, huwa ameshalipima.

"Baba Eusta," alisema, "nimemwacha mama na jirani, na jirani mwenyewe ana watoto wadogo. Mimi nitaenda nikae naye."

"Mpaka mkono upone."

"Mkono utapona. Mwakani ataanguka tena. Macho yake siyo yale. Mimi ndiye mtoto aliyebaki, siwezi kusubiri niitwe kuzika." Akamtazama. "Nikipata mtu wa kunishikia kibanda changu cha vitambaa pale Ng'ambo, naondoka. Mwezi huu usiishe. Wewe utakuwa unakuja kututembelea, utafikia kwa katekista wa kule."

Kama mkewe angekuwa amekosea wangegombana kidogo yakaisha. Lakini alikuwa na haki, na mama yake alikuwa na haki, na yeye mwenyewe hakuwa na kosa lolote ila kuwa mume wa mtu. Usiku huo hakupata usingizi. Alimpenda Advera, alimpenda hata kuliko siku za ujana, na kila akiifikiria nyumba bila yeye aliona kiza.

Asubuhi akaenda kazini kwake, sinema.

Ndiyo, sinema. Karakana ya Tobias ilikuwa ndani ya jengo la Gulshani, kwenye ile barabara ya kuingilia Ng'ambo ambayo wazee wanasema misafara ya Ujiji ilipitia na mizigo kichwani. Jengo lenyewe halikuwa limeonyesha picha tangu Tobias akiwa kijana. Zamani lilikuwa fahari ya mji. Watu walitoka Urambo na Sikonge wakaja kukaa gizani kuangalia wapenzi wa Kihindi wakikimbizana bustanini, wakarudi makwao wakiimba nyimbo wasizojua maana yake. Kabla ya onyesho mkokoteni ulizunguka mitaani na bango na ngoma. Halafu video zikaingia majumbani, halafu televisheni, na viti vya Gulshani vikaanza kubaki vitupu mstari mmoja baada ya mwingine.

Sinema ikafa, lakini jengo likakataa kufa nayo. Likawa ghala la mpunga. Likawa ghala la tumbaku, na mpaka leo mvua ikinyesha ukuta unatoa harufu ya tumbaku. Likapangwa na kanisa la walokole lenye vipaza sauti vikubwa hata mtaa mzima ukaokoka kwa lazima. Walokole wakajenga kwao, yakaja marobota ya mitumba. Mitumba ikahama, wakaja popo. Baada ya popo akaja Tobias na mbao zake za mninga.

Ilimfaa kwa nafasi na kivuli, ila sakafu ilikuwa na inda. Sakafu ya sinema imeinama kuelekea mbele, ili aliye nyuma aone juu ya kichwa cha aliye mbele, na huo mwinamo haukujali kwamba sasa hapa panatengenezwa vitanda. Kila kitanda kilisimamishwa na kabari miguuni. Penseli ikianguka, unaifuata mpaka chini ya ukuta mweupe wa picha. Wateja waliokuja kujaribu makochi walikaa wameegemea upande mmoja, wakamuuliza fundi kama kochi ni bovu, na fundi akawaambia kochi ni zima, kibovu ni jengo.

Mwenye jengo alikuwa Bi Kherunisa, mjane wa marehemu Fakhrudin, Mhindi wa Kibohora wa pale pale Tabora, mama aliyekwisha kuvuka umri wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Baba mkwe wake ndiye aliyejenga Gulshani. Mchana, dukani pakipoa, alivuka barabara katika vazi lake la Kibohora la waridi lililofifia, akaja kukaa kwenye mstari mmoja wa viti aliokataa usiuzwe. Hakuwa na la kufanya hapo. Alikaa tu, akanywa chai ya chupa, akamtazama fundi akipiga randa kama anayetazama picha.

Siku ile aliangalia kidogo akasema, "Fundi, leo hiyo randa unaipiga au unaichapa?"

"Shikamoo mama. Sikukuona ukiingia."

"Marahaba. Umeharibu ubao. Kuna nini nyumbani?"

Tobias hakuwa mtu wa kutoa ya nyumbani nje, lakini kifua kilikuwa kimejaa. Akaweka randa chini, akamweleza yote: mkono, korido, ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia, na jinsi Advera anavyotaka kwenda Bukene. Alidhani Bi Kherunisa angeshangaa mambo ya washamba. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini, akatikisa kichwa.

"Mimi nilipoletwa hapa kuolewa," alisema, "baba mkwe wangu sikupata kumtazama usoni miaka mingi. Nampikia, namfulia, namjua kwa viatu. Sasa mama yako huyo anataka nini? Anataka aishi karibu na binti yake, wewe umpite bila kumpita. Basi mbona ni jambo dogo? Umeshindwa kumweka hapa?"

"Hapa wapi, mama? Huu ni ukumbi mmoja. Ni mbaya kuliko korido."

"Ukumbi mmoja nani amekwambia? Hapa walikuwa wanakuja wake za watu, fundi. Wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kimanyema. Jumatano mchana lilikuwa onyesho la kina mama peke yao, tunakuja na watoto na karanga, hata mashine ilikuwa inaendeshwa na shangazi wa mume wangu. Lakini siku nyingine walikuja na waume zao, na waume hawataki wake zao waonekane. Walipitaje?"

Tobias aligeuka kuutazama mlango mkubwa wa mbele.

"Mume anapita mbele, anakata tiketi. Mke anaingia uchochoroni, anapanda ngazi yake, anakaa juu kwenye roshani, nyuma ya mbao za matundu. Picha ikiisha anashuka na ngazi yake. Mwanamume wa chini hajui kama juu kuna mtu au hakuna mtu. Baba mkwe wangu asingejenga hivyo, nani angeruhusu mke wake aje?"

"Ngazi ipi, mama? Mimi hapa ni mwaka wa tatu huu, sijaona ngazi."

"Utaionaje, umeiziba wewe mwenyewe." Akaonyesha kwa kikombe. "Iko nyuma ya mbao zako."

Kweli, ukutani upande wa uchochoro, pale alipoegemeza mbao za mninga zikauke, palikuwa na mlango. Tobias aliujua mlango huo. Siku zote aliuona ni wa stoo ya takataka, na kabla yake wenye mitumba waliuona hivyo, na walokole kabla yao. Alianza kuhamisha mbao, jasho likimtiririka, wala hakungoja msaada. Mlango ulikuwa umevimba. Akausukuma kwa bega, ukaachia.

Nyuma yake palikuwa na kichumba kidogo chenye milango miwili, mmoja huo alioufungua na mwingine wa kutokea uchochoroni. Katikati ngazi ilipanda. Ilikuwa pana, ya vidato vifupi vifupi, imejengwa kwa ajili ya wanawake wenye watoto mgongoni na mavazi marefu. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama unga. Wakapanda, Bi Kherunisa mbele, na juu walikuta roshani, na nyuma ya roshani chumba kikubwa chenye dirisha, ambapo zamani kina mama walikaa kunyonyesha na kunywa chai mapumziko yakifika. Pembeni ya chumba kulikuwa na choo na mahali pa kuogea. Tobias alisimama mbele ya choo kile muda mrefu kuliko inavyostahili choo chochote.

Mbele ya roshani, toka sakafuni mpaka juu ya kimo cha mtu, ulikuwepo ukuta mwembamba wa mbao uliotobolewa matundu ya nakshi, maua na nyota, ambao Tobias toka chini siku zote aliudhani pambo tu. Fundi wa zamani alikuwa amejua kazi. Mchwa walikuwa wamejaribu wakashindwa.

"Shuka," Bi Kherunisa alimwambia. "Simama kwenye benchi lako, kisha niangalie."

Tobias akashuka, akasimama, akainua macho. Aliona maua na nyota na kiza nyuma yake.

"Unaniona?" sauti iliuliza.

"Sikuoni, mama."

"Sasa nimehama. Sasa je?"

"Sikuoni."

"Mimi nakuona mpaka ulipopungukiwa nywele," sauti ilisema, na Tobias, ambaye tangu jana yake hakuwa amecheka, akaketi kwenye kochi lililoinama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Advera hakuamini kwa kusikia. Aliletwa, akapandishwa, akashushwa, akamlazimisha mumewe naye apande huku yeye amebaki chini, wakaulizana "Unaniona?" kama watoto wanaocheza kibe. Aliukagua mlango wa uchochoroni, akajifungia chooni kujaribu kitasa. Mwishowe akauliza swali la maana: mama hawezi kulala peke yake kwenye jengo kubwa hivi, na wao wakae wapi? Bi Kherunisa akasema vyumba vya meneja viko pale mbele, nyuma ya kibanda cha tiketi, vimejaa makopo ya rangi tu, na siku nyingi alikuwa anaomba apatikane mtu wa kulala humo. Jengo lisilolaliwa, alisema, linazeeka haraka.

Ilibaki kumpigia mwenyewe. Advera aliweka simu kwenye spika. Tobias akatoka nje kabisa, kwa sababu hata sauti ya mkwe haifai kusikilizwa kwa kuviziwa, ila alisimama karibu na dirisha kuliko adabu inavyotaka.

"Choo?" Bi Kabula aliuliza.

"Chako peke yako, mama."

"Mlango wa kuingilia?"

"Wako, wa uchochoroni. Ngazi ni yako."

"Na yeye anapita wapi?"

"Mbele. Hana shida ya kuja upande wako. Wewe ukitaka utamwona, yeye hawezi kukuona."

Tobias nje alishikilia nondo ya dirisha. Alikuwa anafikiria kwamba mama atakataa, kwamba ataona ni ujanja wa mjini, kwamba mwezi utaisha na Advera atapanda treni.

"Nyumba hiyo aliijenga nani?" Bi Kabula aliuliza.

"Wahindi, mama. Zamani."

"Basi hao watu walikuwa na wakwe," alisema Bi Kabula. "Njoo unichukue."

Siku zilizofuata Tobias alifanya kazi kama aliyeshikwa na pepo. Alifagia ngazi, akachonga mshikio wa mninga akaupigilia ukutani, akausugua mpaka ukawa laini kwa mkono wa mtu mzima. Alitengeneza kitanda, safari hii bila kabari, maana chumba cha juu sakafu yake ilikuwa sawa. Mlango ule wa ndani, wa kutokea ukumbini, aliuwekea komeo upande wa Bi Kabula.

Siku ya kufika kwake, Tobias alijifungia ndani ya kibanda cha tiketi ili njia iwe wazi. Alikaa humo kwenye kigoda, magoti kidevuni, anasikiliza. Mpita njia mmoja aliona mtu kwenye kitundu cha tiketi baada ya miaka yote ile, akasogea, akainama.

"Leo mnaonyesha nini, mzee?"

"Leo hakuna," Tobias alinong'ona. "Endelea na safari yako, ndugu."

Ndipo akasikia uchochoroni sauti ya Advera, na nyayo za polepole, na fimbo ikigonga kidato. Nyayo zikapanda. Zikapumzika. Zikapanda tena. Juu mlango ukafungwa taratibu, bila hasira yoyote ndani yake. Tobias akafanya ishara ya msalaba, akatoka kibandani akiwa amekufa ganzi miguu yote miwili.

Maisha yakaanza. Advera hakuhamia Bukene. Alihamia Ng'ambo, karibu na kibanda chake, na asubuhi alimpandishia mama yake uji kisha akaenda kufungua biashara. Tobias alishinda chini na misumeno yake. Alikuwa bado anakohoa. Kila akiingia ukumbini alisimama mlangoni akakohoa, akangoja, halafu ndipo akaenda kwenye benchi. Advera alimwambia, "Baba Eusta, acha. Anakuona toka unapofungua geti." Akajibu kwamba anajua, ila koo limeshazoea. Juu hakukuwahi kutoka jibu, na yeye hakutegemea jibu. Ilimtosha kwamba hakuna aliyefunga mzigo.

Hakuwa peke yake tena, hilo alilijua. Jioni Advera alikuwa anashuka na ujumbe. Mama anauliza kwa nini hakula mchana. Mama anasema yule mteja mwenye shati la kijani ameficha bawaba mfukoni. Mama anasema kazi nzuri, lakini anapiga misumari na kinywa kimejaa misumari, ipo siku atameza. Tobias aliacha kuweka misumari mdomoni.

Bi Kherunisa naye akabadilisha kituo. Badala ya kukaa chini mchana, alipita uchochoroni na chupa yake ya chai, akapanda. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, mmoja akikivuta kwa Kinyamwezi na mwingine kwa Kigujarati, na Tobias alisikia juu ya kichwa chake minong'ono na vicheko ambavyo vilikatika kila anapoinua uso.

Wazo la picha lilikuwa la Advera. Hogo lilikuwa limeshatolewa, mkono umenyooka, na yeye alitaka kufanya jambo la kushukuru. Walikuwa na kanda ya harusi yao, ile ya zamani, iliyokuwa imelala kabatini kwa sababu mashine ya kuichezea ilikufa. Kijana mmoja wa duka la picha akaihamishia kwenye flashi. Paroko akawaazima projekta ya semina. Jumapili baada ya misa na chakula, wakafunga milango, ukumbi ukawa kiza katikati ya mchana, na ukuta mweupe wa Gulshani ukawaka tena.

Juu walikaa Bi Kabula na Bi Kherunisa na bakuli la karanga. Chini, kwenye mstari ule wa viti uliobaki, walikaa Tobias na Advera. Walitazama magari yaliyofungwa maua ya karatasi. Walitazama kwaya. Watu waliokwisha kufa walipita wakicheza, wakubwa kama nyumba, na Advera akawataja mmoja mmoja kwa sauti ili mama yake asikie.

Halafu sura ya Tobias ikajaza ukuta mzima.

Tobias wa kitini aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hakuwa amefikiria hili. Alifikiria harusi, wageni, keki. Hakufikiria kwamba uso wake, uliofichwa kwa mama huyu tangu siku hiyo hiyo, utatundikwa mbele yake ukubwa wa lori. Kijana yule wa ukutani alikuwa mwembamba, koti ni la kuazima na mabega yanamzidi, ana mwanya, jasho linamtoka. Padri alikuwa anamuuliza. Kijana akafungua mdomo aseme ahadi zake, na sauti ikamkatikia, akaanza kulia. Alilia wazi, mbele ya kanisa zima, makamasi yakamtoka, msimamizi wake akatafuta leso asiipate, na mwisho Advera mwenyewe akamfuta kwa shela. Watu wakacheka kanisani. Kisha akavuta pumzi, akasema ahadi zote mpaka mwisho.

Juu, kutafunwa kwa karanga kulikuwa kumesimama. Tobias alitaka kuizima mashine. Alijiambia ameharibu, amemlazimisha mama wa watu kumtazama, na safari hii si kwa bahati mbaya ya korido.

"Nenda kamwangalie," alimnong'oneza mkewe.

Advera akapanda. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka, kwenye mwanga wa ukutani Tobias aliona macho yake yamelowa.

"Anasemaje? Anataka kurudi?"

"Kurudi wapi," Advera alisema. "Anasema kumbe una uso wa marehemu kaka yake. Anasema jikoni siku ile waliambiwa bwana harusi amelia, akadhani umelazimishwa kunioa, na mpaka leo alikuwa nalo moyoni." Akaketi, akamshika mkono. "Anasema urudishe nyuma. Anataka aone tena pale unapolia."

Tobias akakohoa, kama anavyokohoa kila asubuhi mlangoni.

Na juu, nyuma ya maua na nyota, mtu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua wala cha vumbi. Kilikuwa kifupi, cha makusudi, cha mtu mzima anayejulisha kwamba yupo na amesikia. Tobias alikaa wima kitini, akangoja kidogo kama adabu inavyotaka, akamjibu kwa kikohozi kimoja. Kisha akainuka, akapanda sakafu iliyoinama mpaka kwenye projekta, akairudisha harusi nyuma.